Karakana ya Ngamiani na meza ya kupigia santuri

Kwa mtu anayepiga santuri nyumbani, meza husahauliwa kuliko chombo kingine chochote, ingawa ndiyo inayoamua kama sindano itatulia katika mfuo wake au itarukaruka. Meza za kulia chakula zinazouzwa madukani hapa Tanga zina kimo cha sentimita 75 hivi, ambacho kinamfaa mtu aliyeketi. Anayesimama mbele yake kwa saa mbili hulazimika kuinama, na kesho yake mgongo unamuuma. Kwa sababu hiyo niliagiza meza ya vipimo vyangu katika karakana ndogo ya useremala iliyoko Ngamiani, na kwa kuwa nimeitumia tangu kabla ya masika, naweza kuieleza kwa uhakika.

La kwanza ninalolisifu ni kwamba fundi hakukubali kuanza kazi kwa picha niliyomwonyesha kwenye simu. Alitaka kuziona mashine zenyewe, akaja nyumbani Chumbageni na kuzipima moja baada ya nyingine. Ninatumia mashine mbili za kupigia santuri aina ya Technics SL-1200 MK2, toleo lililoingia sokoni mwaka 1979, na kila moja ina upana wa sentimita 45.3, kina cha sentimita 36 na uzito wa kilo 12 hivi. Ukiweka katikati miksa, yaani chombo cha kuchanganya sauti za mashine hizo mbili, na kuacha nafasi ya vidole kila upande, unahitaji uso wa meza wenye urefu wa sentimita 140. Tukakubaliana kina cha sentimita 60 ili nyaya zilizoko nyuma zisibanwe na ukuta. Kisha aliniambia, "Kaka, simama wima ukunje mikono," akapima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Alitoa kimo cha mashine katika kipimo hicho, na uso wa meza ukaangukia sentimita 92, kiasi kwamba mikono yangu hufika kwenye santuri bila kuinua mabega. Sijawahi kuona duka la samani likimpima mteja namna hiyo.

Kuhusu mbao, alinishauri vizuri. Miguu na fremu ni za msaji, mti unaopandwa kwa wingi katika shamba la Longuza wilayani Muheza, ambao mafuta yake ya asili huufanya ustahimili mchwa na unyevu. Nilidhani uso nao ungekuwa wa msaji, lakini alieleza kwamba ubao mzima hutanuka na kusinyaa kwa upana wake kadiri hewa ya pwani inavyobadilika, ilhali plaiwudi, ambayo tabaka zake hupishana, haichezi sana. Aligandisha vipande viwili vya plaiwudi vyenye unene wa milimita 18 kila kimoja, akazungushia kingo za msaji. Mvua za masika zimepita na uso haujapinda hata kidogo.

Suala la mtikisiko ndilo lililonitia wasiwasi zaidi, na hapa karakana hii imefanya kazi ya kuheshimiwa. Sindano hugeuza kila mtetemo kuwa umeme, haijali kama mtetemo huo umetoka kwenye santuri au kwenye mbao. Besi ya spika ikipenya hadi mezani, sindano huichukua, amplifaya huikuza, spika huitoa tena, na mvumo huzidi kukua mpaka usikike mtaa mzima. Tiba yake ni meza nzito isiyoyumba, na spika kuwekwa juu ya stendi zake zenyewe. Fundi alikaza mgongo wa meza kwa mbao mbili zinazokatizana, na chini ya kila mguu akatia bolti inayozungushwa, kwa sababu sakafu ya nyumba yangu haikunyooka. Kwa pimamaji, kazi ya kuisawazisha ilikuwa ya dakika chache. Anayetaka kujaribu meza yake aiweke sindano juu ya santuri isiyozunguka, aongeze sauti taratibu, kisha agonge ubao kwa kifundo cha kidole. Yangu hutoa kishindo kifupi kinachokufa papo hapo.

Rafu za chini nazo zimefikiriwa. Santuri kubwa ina kipenyo cha sentimita 30, na santuri 100 pamoja na majalada yake hufika kilo 25 hivi, kwa hiyo visanduku vina kimo cha sentimita 34 na vizuizi vya kuzisimamisha wima, maana zikilazwa kwa mirundo hupinda. Nyimbo nyingi za bendi za mji huu, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, pamoja na taarabu za Black Star na Lucky Star, zilitolewa katika santuri ndogo za sentimita 17.5. Hizo zimepata droo yake, na nimefurahi mno kuona mali hiyo ya Tanga imepata mahali pa heshima.

Kasoro zipo. Kazi ilichelewa kuliko tulivyoandikiana, na sikupewa taarifa mpaka nilipokwenda kuuliza. Pia tundu la nyaya nyuma ya meza lilitobolewa dogo, likapitisha nyaya za sauti na waya wa athi lakini si plagi yetu ya pini tatu. Ilirudi karakana kupanuliwa, bila malipo ya ziada. Niliomba pia tundu la pili upande wa pili, ili waya wa umeme usiambatane na nyaya za sauti na kuleta mvumo, na hilo lilifanywa vizuri.

Bei ilizidi ya meza ya ofisi ya dukani, nusu ikilipwa mwanzo na nusu wakati wa kukabidhiwa, vanishi na bolti zikiwa ndani yake. Kwa mwenye santuri na mashine nzito, naona ni bei ya haki. Anayetumia kontrola ndogo, yaani chombo cha kuendesha muziki ulio kwenye kompyuta, kama Pioneer DDJ-400, yenye kilo 2.1 na isiyo na sindano, hana haja ya unene huo wote. Aombe ubao mmoja wa milimita 18 na miguu ya kukunja, ila kuhusu kupimwa kiwiko asikubali kurukwa.