Mpango wa Misitu ya Kaskazini-Magharibi mwa Marekani: Umelinda Vizuri, Umejifunza Kidogo

Huduma ya kusimamia misitu ya umma hupimwa kwa hali ya msitu wenyewe baada ya miaka mingi. Kwa kipimo hicho, mpango huu ulioanza mwaka 1994 katika ardhi ya serikali kuu ya Marekani, ekari zipatazo milioni 24 huko Washington, Oregon na kaskazini mwa California, unastahili sifa nyingi na lawama moja nzito.

Ninachoupendea zaidi ni kingo za mito. Wataalamu walioutayarisha, wakiongozwa na mwanabiolojia wa wanyamapori Jack Ward Thomas, hawakuanza kwa kuuliza msitu utatoa mbao kiasi gani. Waliitazama miti mizee, maji, samaki na ndege kuwa mfumo mmoja. Ndiyo maana kando ya mto wenye samaki huachwa, kila upande, ukanda ambao kwa kawaida haupungui futi 300, kwa kuwa kivuli cha miti huyapoza maji, mizizi hushika udongo, na magogo yanayoangukia mtoni hutengeneza vidimbwi ambamo samoni wachanga hujificha. Hata kama mpango usingefanya jambo jingine lolote, hili peke yake lingetosha kuuheshimu.

Bundi mwenye madoadoa, ndege wa misitu mizee ambaye mpango ulikusudiwa kumlinda na aliyetambuliwa kisheria mwaka 1990 kuwa hatarini, ameendelea kupungua. Sioni haki kuutwisha mpango lawama yote, maana bundi wa milia aliyehamia kutoka mashariki mwa bara humnyang'anya makazi hata ndani ya misitu iliyohifadhiwa.

Lawama yangu ni kuhusu maeneo 10 yaliyotengwa ili mabwana misitu, watafiti na wakazi wajaribu mbinu mbalimbali, wapime matokeo, kisha warekebishe kanuni. Fedha za kazi hiyo zilipungua mapema na majaribio mengi yakafifia. Hasara yake inaonekana hasa mashariki mwa Cascade, safu ya milima inayopita katika majimbo hayo matatu, kwenye misitu mikavu iliyozoea moto mdogo wa mara kwa mara, ambako kuacha miti isongamane huongeza hatari ya moto mkubwa unaoteketeza hata ile mizee.

Kwa idara yoyote ya misitu inayotaka kuuiga, ningeshauri ichukue kanuni za kingo za mito, lakini bajeti ya majaribio na upimaji ilindwe kisheria kabla ramani ya hifadhi haijatiwa saini.