Madau 305, printa ikaenda kwa mwingine: uzoefu wangu na minada ya shilingi moja moja

Naanza na jibu, maana najua kuna mtu anasoma hapa akiwa tayari ameandika PIN ya M-Pesa na anasubiri tu kubonyeza. Ile minada ya mtandaoni inayopanda shilingi moja moja haimtendei haki anayeweka dau. Nilishindwa, ndiyo, na nitaeleza nilivyoshindwa bila kujificha. Lakini nilipokaa chini na daftari nikaona kwamba hesabu ingekuwa ileile hata kama ningeshinda.

Nina saiba ndogo hapa Lurambi, Kakamega. Kompyuta nne, mashine ya kulamineti, na printa iliyoanza mwaka jana kumeza karatasi tatu kwa mpigo. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wa chuo kikuu cha Masinde Muliro, wale wa kukuletea projekti ya kurasa 60 zikiwa zimebaki dakika kumi ofisi ya mhadhiri ifungwe. Printa ikikwama hapo, hakuna pole itakayokuokoa. Nilikuwa natamani ile ya tangi la wino, ya kuchapa, kuskani na kutoa kopi. Dukani mjini bei ilikuwa 27,000, na hata ningemlilia mwenye duka namna gani, 27,000 sikuwa nazo.

Siku moja tangazo likanijia kwenye simu. Printa ileile, picha ileile, na chini yake: "Imeuzwa kwa shilingi 1,118."

Mchezo wenyewe uko hivi. Kwanza unanunua madau. Pale nilipokuwa, dau moja lilikuwa shilingi 25, na unayanunua kwa mafungu. Kitu kinaanza na bei ya sifuri. Ukiweka dau, bei inapanda shilingi moja na saa inarudi kwenye sekunde 15. Zikiisha kabla ya mtu mwingine kuweka dau, kitu ni chako kwa bei iliyosimama pale. Akiweka mwingine, saa inarudi tena 15, na ile 25 yako imeenda. Hairudi. Hicho ndicho kipande ambacho tangazo halikisemi, japo kwenye masharti kimeandikwa wazi kabisa, aya ya tisa au ya kumi hivi, pale ambapo hakuna mtu aliyewahi kufika akiwa macho.

Nilinunua madau 100 kwa 2,500. Mgeni wanampeleka kwenye minada ya wageni, ambako wanashindana watu ambao hawajawahi kushinda. Huko nilishinda birika la umeme kwa madau 14 tu. Bei ilisimama shilingi 61, usafiri 350, na baada ya siku nne likafika stejini na matatu, limefungwa vizuri, linafanya kazi. Ukijumlisha na madau, birika lilinigharimu 761, na mjini lilikuwa 1,200. Nikampigia mke wangu simu nikiwa palepale stejini. Sauti niliyoongea nayo naikumbuka, na leo inanitia haya.

Ukishashinda mara moja, mlango wa wageni unafungwa nyuma yako. Unaingia kwa wakubwa.

Printa ilipigwa mnada Ijumaa kuanzia saa nane mchana. Mimi nikajiona mjanja, nikasema waache wachoshane kwanza. Nikaingia saa moja usiku, bei ikiwa 1,460 hivi. Kulikuwa na majina matano yakipokezana, na ndani ya nusu saa yakabaki matatu, langu likiwa moja. Saa inashuka: tano, nne, tatu, namba zinageuka nyekundu, mbili, na mtu anagonga. Kumi na tano tena. Wewe unagonga, yeye anagonga. Mpira wa miguu una dakika 90 na refa ana kipenga. Huu hauna mwisho ila mmoja wenu achoke au afilisike.

Tovuti ina kitu inachokiita msaidizi. Unamkabidhi idadi ya madau, naye anakuwekea mwenyewe kila saa inapokaribia kuisha. Nilimkabidhi madau yote niliyobaki nayo, nikaenda nyuma kula, mke wangu alikuwa ameleta ugali na mrenda. Wala sikukawia, labda dakika 40. Kurudi, msaidizi amemaliza yote. Kumbe mwenzangu wa upande wa pili naye alikuwa amemweka wake, na wale wasaidizi wawili walikuwa wamepigana muda wote huo huku wenyewe tukitafuna. Zile 2,500 za mwanzo ziliisha kabla sijanawa mikono.

Hapo mtu mwenye akili huondoka. Mimi nikanunua mengine 100, kisha 150. Nataka nieleze kilichokuwa kichwani, kwa sababu ndicho kiini cha biashara hii. Kufikia dau la mia mbili hivi sikuwa tena nataka printa. Nilikuwa nataka elfu tano zangu. Na kila nilipotazama skrini, njia ya kuzipata ilikuwa shilingi 25 tu mbele yangu. Nani anaacha elfu tano kwa sababu ya 25? Ukilitazama swali hilo moja moja, jibu ni gonga. Unalijibu hivyo mara 305.

Saa nne usiku kasoro kidogo, stima ikapotea. Lurambi yote giza. Ruta ikafa, kompyuta ikafa. Nikatafuta simu kwa kupapasa, nikawasha bando, ukurasa ukazunguka, ukazunguka, nikaambiwa niandike nywila upya. Nilipoingia, saa haikuwepo. Kulikuwa na neno "Umefungwa", bei 2,346, na jina la mshindi, moja kati ya yale mawili. Nilikuwa na madau 31 yamebaki.

Usiku ule nililaumu stima. Asubuhi nilipotoa kikokotoo ndipo nikaona kwamba stima labda iliniokoa.

Tazama mwenyewe. Bei kusimama 2,346 maana yake yaliwekwa madau 2,346. Zidisha kwa 25: shilingi 58,650. Mshindi akalipa 2,346 juu yake. Jumla 60,996 zimeingia kwa mwenye tovuti, kwa printa ninayoijua ya 27,000. Tangazo linalofuata litasema imeuzwa kwa 2,346, na litakuwa halijasema uongo hata wa neno moja. Zile 58,650 za akina sisi hazina pa kuandikwa.

Kuna kitufe wanachokisifu sana cha kumfariji aliyeshindwa: unanunua kitu kwa bei kamili na madau yako yanatolewa kwenye bei. Inaonekana haki, sivyo? Nilibonyeza nione. Bei kamili kwao ilikuwa 38,500. Ukitoa 7,625 nilizochoma, nilitakiwa nilipe 30,875. Yaani baada ya kufarijiwa bado ningelipa 3,875 zaidi ya kwenda dukani kwa miguu siku ya kwanza. Nilicheka peke yangu, mteja mmoja aliyekuwa anajaza fomu ya mkopo wa wanafunzi ya HELB akageuka kunitazama.

Jumapili nilikwenda kwa mjomba. Yeye amenunua na kuuza ng'ombe tangu sijazaliwa, na soko la Lubao analijua kama sebule yake. Nilidhani atanielewa kuliko mtu yeyote, maana kupanda dau ndiyo kazi yake.

"Ngoja," akasema. "Unalipa ndio uruhusiwe kutaja bei?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na ukishindwa, hela zako unarudi nazo nyumbani?"

"Hapana."

"Na wengine walioshindwa?"

"Zao pia zimeenda."

Akafikiria kidogo. "Mwanangu, huo si mnada. Hiyo ni harambee. Mnamchangia mwenye duka, halafu mmoja wenu anapewa zawadi ya shukrani."

Sijaona maelezo yaliyolipita hilo, na nimesoma mengi tangu siku hiyo. Mchezo huu haukuzaliwa kwetu. Uliovuma zaidi uliitwa Swoopo, ulianzia Ujerumani mwaka 2005 kwa jina la Telebid, ukaenea hadi Uingereza na Marekani, ukafa mwaka 2011. Wengine kama QuiBids na DealDash wakafuata nyayo. Mchumi mmoja wa chuo kikuu cha California kule Berkeley, Ned Augenblick, alichambua minada 166,000 ya aina hii, na makala yake ilichapishwa 2016. Aligundua kwamba faida ya wenye mnada kwa wastani inapita asilimia 50, na chanzo kikubwa ni kile nilichokueleza: mtu akishatumbukiza hela, anashindwa kuziacha. Niliposoma hapo nilihisi kama mtu alikuwa dirishani kwangu ile Ijumaa.

Sasa, roboti. Najua ndilo swali ambalo wengi mlikuwa mnasubiri. Kwa wiki mbili nilikaa bila kuweka dau, nikawa naandika majina kwenye daftari. Niliangalia minada 23. Jina moja lilikuwemo kwenye 9, saa tisa usiku lipo, saa nne asubuhi lipo, kwenye televisheni, kwenye jenereta, kwenye simu. Je, ni roboti ya wenye tovuti? Huenda. Huenda pia ni mtu mwenye hela nyingi na wasaidizi wengi. Siwezi kuthibitisha, na sitamsingizia mtu. Ninachoweza kusema ni kwamba jina la mwenye tovuti, kama lipo, linaweka dau bure, kwa sababu hela inatoka mfuko wa kushoto kuingia wa kulia. Na likishinda, hakuna kitu cha kutuma. Lubao nikishindana na mtu namwona, ameshika fimbo, gambuti zimejaa matope, na nikishuku kwamba ni wa muuzaji nitauliza kwa waliomzunguka. Kwenye skrini kuna jina lenye namba tatu mwishoni.

Niliwaandikia WhatsApp, maana ofisi hawana, au wanayo na hawakuiandika popote. Niliuliza mambo mawili: wanahakikishaje kwamba wanaoweka dau ni watu, na kama madau 31 yanaweza kurudishwa. Swali la kwanza halikujibiwa. La pili lilijibiwa ndani ya dakika moja: "Mpendwa mteja, madau yakishanunuliwa hayarudishwi." Katiba yetu kifungu cha 46 inampa mtumiaji haki ya kupata habari za kumwezesha kufaidi anachonunua. Nilimtumia yule mhudumu kifungu hicho. Akanitumia emoji ya mikono miwili iliyokunjwa.

Niwe mkweli kwao pia. Hawakunitapeli kwa maana ya kuchukua hela na kukata simu. Birika lilifika. Malipo yalisomeka mara moja. Masharti yapo, na aliyekataa kuyasoma ni mimi. Na mshindi wa printa, kama ni mtu na kama alitumia madau 400 hivi, alilipa 12,000 na ushei kwa kitu cha 27,000, na leo anawasifu kwa marafiki. Lakini hiyo nafuu yake haikutoka kwa tovuti. Imetoka kwangu, na kwa yule wa tatu, na kwa wote walioanza saa nane mchana wakakata tamaa mapema. Ndiyo maana nasema kushinda hakubadilishi hesabu, kunabadilisha tu umesimama upande gani wa hesabu.

Nyota nawapa moja na nusu. Moja ni ya birika. Nusu ni kwa sababu tovuti yao inafunguka hata kwenye bando dhaifu, jambo ambalo kama mtu wa saiba siwezi kulidharau.

Printa niliinunua mwezi wa pili baada ya pale, kwa kulipa polepole, dukani mjini, kwa 27,000 zilezile. Madau 31 bado yapo kwenye akaunti na kila Ijumaa wananikumbusha kwa ujumbe. Birika liko hapa kaunta, chai ya saa nne tunachemshia humo. Mke wangu alijumlisha vocha zote za M-Pesa, madau yote na usafiri, akapata 9,161. Tangu siku hiyo akitaka chai haulizi birika liko wapi. Anasema, "Hebu washa ile ya elfu tisa."