Chupa ya plastiki au ya chuma cha pua: ipi ikae garini juani?

Kwa joto kali, chagua chuma. Chupa nyembamba ya maji ya dukani, yenye namba 1 kitakoni, ni plastiki aina ya PET. Ikipata joto, antimoni (kemikali yenye sumu ikizidi) iliyotumika kuitengeneza huingia majini, na kasi hupanda sana kuanzia nyuzi 60 za Selsiasi. Saa chache garini kwa kawaida hazifikishi kiwango cha hatari. Majuma mfululizo ya joto ndiyo ya kuepuka. Na usiimiminie kamwe maji yanayochemka: hulainika na kujikunja.

Chupa ya chuma cha pua hustahimili hata maji hayo. Ila ukishainywea mdomoni, vijidudu huzaliana humo vilevile. Ioshe kila siku kwa sabuni, ukiuvua mpira wa kifuniko. Ukungu hujificha hapo.