TAHADHARI: Hizo "GTX 1050 Ti" zinazotumwa Lamu ni kadi kuukuu zilizobadilishwa jina

Asalaam aleikum. Wana-Lamu mnaocheza gemu kwenye kompyuta, kuna muuzaji anayejiita wa Mombasa anatuuzia kadi za grafiki (zile zinazochora picha za gemu kwenye skrini) za zama za 2010 kwa jina la GTX 1050 Ti. Amempata binamu yangu wa Langoni, akampata na jirani yake, na sasa tangazo lilelile linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hadi Mokowe na Mpeketoni. Jina lake siliandiki, maana kila mara ana jina jipya. Mbinu ndiyo haibadiliki.

Huyu anajua tunachotafuta. Kompyuta zetu nyingi ni zile zilizotumika maofisini ng'ambo, zenye pawa saplai ndogo isiyo na waya wa ziada wa kulisha kadi. 1050 Ti halisi, iliyotoka Oktoba 2016, hula wati 75 hivi, na hizo huzipata kwenye sloti ya madabodi (bodi kuu ya kompyuta) yenyewe. Ndiyo maana kila kijana anaitaka, na ndiyo maana inaghushiwa.

Huchukuliwa kadi kama GTS 450 yenye memori ya GB 1, BIOS yake, yaani programu ya ndani inayoitambulisha kadi, ikaandikwa upya. Windows haipimi kadi, husoma tu jina ililopewa. Basi itakuandikia GTX 1050 Ti, GB 4, nawe utafurahi, utazame filamu wiki nzima bila tatizo. Ngoja ufungue gemu zito kama GTA V. Ile GB 1 ikijaa, skrini inakuwa nyeusi au inajaa mistari ya rangi, mara kompyuta imezima. Ukimpigia atakwambia umeme wenu wa Lamu ndio umeiunguza, au ni chumvi ya bahari. Binamu aliambiwa yote mawili katika simu moja! Chumvi inakula vyuma vyetu, sikatai, lakini haijawahi kula GB 3 ikabakisha moja.

Umbali ndio ngao yake. Pesa umetuma kwa M-Pesa, na jina lililotokea si la duka wala si lake. Mzigo umekuja na basi hadi Mokowe ukavuka kwa boti; kuurudisha ni gharama nyingine, na anajua wengi watasema potelea mbali. Mwambie una ndugu Mombasa atapita kuiona kadi kabla hujalipa, utasikia duka limefungwa leo, na kesho pia.

Video anayokutumia ya jina likisomeka kwenye skrini si ushahidi, maana jina ndilo hasa lililoghushiwa. Mtake apige simu ya video, afungue programu ya bure iitwayo GPU-Z mbele yako, kisha acheze gemu zito hapohapo. Toleo la 2.12 la mwaka 2018 na yaliyofuata huandika FAKE (bandia) mbele ya jina ikigundua udanganyifu. Kama una toleo kongwe, tazama chipu: ya kweli ni GP107, yenye shaders (vitengo vidogo vya kuchora picha) 768. Ukiona GF106 na 192, hiyo ni GTS 450. Tazama na matundu ya nyuma. Kadi za GTX 10, familia ya 1050 Ti, hazitoi tena ishara ya analogi, kwa hivyo tundu la buluu la VGA latosha kukufanya ukatae. Akikukataza kupakua draiva (programu za kuiendesha kadi) za Nvidia, watengenezaji wa chipu zake, na kukupa zake kwenye flashi, hapo hakuna la kujadili.

Waliokwisha kulipa, msifute meseji za M-Pesa wala mazungumzo. Nendeni nazo polisi; Kenya ina sheria ya makosa ya kompyuta tangu 2018, na ulaghai wa namna hii umo.

Na kwa maoni yangu, wengi wenu hamhitaji kadi hiyo hata ikiwa halali. Tangu Oktoba 2025 Nvidia imeacha kuitolea draiva za gemu mpya, imebaki na za usalama tu. Kama kompyuta yako ina kipande kimoja cha RAM (memori ya kompyuta yenyewe) cha GB 4, ongeza cha pili kwanza uone gemu linakwendaje.

Leo asubuhi huyo bwana amebadilisha picha ya wasifu na anatangaza kadi nyingine, RX 580, "mpya kabisa". Muulizeni kama ni ile ya 2048SP, kwa sababu hiyo ina shaders sawa na RX 570 iliyo chini yake, ilhali RX 580 kamili ina 2304. Na yoyote itakayokuja, RX 580 inataka wati 185 hivi na waya wake wa umeme. Pawa saplai ya kompyuta ya ofisi haiwezi.