Resolve ya bure na ule mlio wa "tap" kwenye video za harusi

"Kaka, mbona video yangu inalia kama kuna mtu anabonyeza kalamu?" Hivyo ndivyo alivyonipokea mama mmoja wa Tegeta nilipompelekea flashi ya sendofu ya binti yake. Picha hakuwa na neno nazo. Ila kila klipu ilipokutana na mwenzake, tap. Kwenye nasaha za wazazi peke yake nilihesabu tap 11.

Enzi hizo nilikuwa natumia programu ya kuhariri video ya kulipia kila mwezi (siitaji, tuliachana kwa amani). Nikahamia DaVinci Resolve, toleo la bure la Blackmagic Design, Waaustralia wale wa kamera. Niliipakua kwa bando la usiku maana faili lina zaidi ya GB 2, na nilijua kukicha mlio utakuwa historia. Wapi! Nikaweka klipu zilezile, tap zikawa zilezile.

Ukikata sauti, wimbi linakatika popote kisu kilipopita, mara nyingi likiwa juu, na klipu inayofuata inaanzia pengine kabisa. Huo mruko ndio tap. Dawa yake ni krosifedi fupi, yaani sauti ya klipu moja inafifia huku ya pili ikipanda, na hapa Resolve imenifurahisha: chagua mkato, bonyeza Shift na T, transisheni inakaa kwenye sauti tu, picha haiguswi. Inakuja na sekunde 1. Kwa mtu anayeongea hiyo ni ndefu mno, unasikia mabaki ya neno ulilolikata yakirudi kama mzimu. Naivuta hadi fremu 2 (fremu ni picha moja moja zinazounda video), ambazo kwa video ya fremu 25 kwa sekunde ni milisekunde 80. Sikio halishtuki.

Kilichonitoa jasho ni pale ilipogoma. Ikaniandikia kuwa klipu hazina ziada ya kutosha, nichague izipunguze au iziruke. Nusu saa nzima namlaumu asiyehusika, laptopu. Kumbe ni tabia yangu ya kubania kadi ya kamera: nawasha kamera baba akishaanza kusema, nazima akimaliza tu, halafu natumia klipu mpaka ncha. Krosifedi inakula sauti iliyojificha nyuma ya mkato. Ni kama fundi cherehani, asipoacha kitambaa cha mshono gauni atalishonea wapi? Siku hizi naiacha kamera itembee sekunde 5 kabla na 5 baada, MC anitazame atakavyo.

Sasa jenereta. Umeme ulikatika katikati ya nasaha, ukumbi ukahamia kwenye jenereta lililokuwa nyuma ya jiko. Mjomba kaongea kabla, shangazi baada, na mimi nimewapanga kwa mchanganyiko wangu. Matokeo yake ngurumo inaingia na kutoka kama mtu anayefungua na kufunga mlango. Fremu 2 hapo hazifui dafu. Nilitafuta mahali ambapo hakuna anayeongea, nikapata sekunde 20 za jenereta tupu wakati shangazi anatafuta miwani kwenye pochi. Nikazinakili nikazilaza kwenye traki (mstari wa sauti) ya pili chini ya nasaha zote, nikazishusha mpaka zikawa kama feni ya mbali. Mjomba naye sasa anaongea na jenereta, lakini hakuna anayegundua.

Kwa matarumbeta kuna krosifedi za aina tatu: +3 dB, 0 dB na -3 dB (dB ni desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti). Nyimbo mbili tofauti zikipishana kwa 0 dB, katikati sauti inazama kidogo, +3 inainyanyua. Kwenye iafoni zangu za Kariakoo sikusikia lolote. Nilipoazima hedifoni ya jirani wa studio ndipo nikalisikia lile shimo, na tangu hapo linanikera.

Kama una laptopu ya RAM GB 8, jiandae itahema. Yangu ina 16 na feni bado inapiga kelele.

Mama alikuja mwenyewe Sinza kuchukua nakala mpya. Akaegemea kaunta, akasikiliza nasaha zote mpaka mwisho kimya, akafuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akaniuliza shangazi mtu kwenye video amekatwa kichwa na nani.