Mashine ya kukaushia matunda: miezi minane jikoni kwangu

Mwanangu wa pili hapendi tunda bichi. Ukimpa tufaha, ataling'ata mara moja aliache mezani libadilike rangi. Tufaha hilohilo likikatwa vipande vyembamba na kukaushwa, anakuja kuomba mwenyewe. Kwa ajili yake ndiyo nikanunua mashine hii, nikaacha kununua vitafunwa vya pakiti ambavyo orodha ya viungo vyake ilikuwa inanichosha kusoma.

Ina trei tano za plastiki zinazopangwa moja juu ya nyingine, feni na kipasha joto vipo chini, na nguvu yake ni wati 400. Joto linapandishwa na kushushwa kati ya nyuzi 35 na 70. Ukienda kununua, hicho kirekebisha joto ndicho kitu cha kwanza cha kukiangalia, maana zipo mashine za kuwasha na kuzima tu. Matunda yanataka nyuzi 57 hivi. Ukizidisha joto ili yawahi, nje hukakamaa na kuufungia unyevu ndani. Ukigusa unasema tayari, kumbe moyoni bado.

Kasoro yake kubwa ni hiyo feni kukaa chini. Trei ya chini inakauka wakati ya juu bado inatoa maji, hivyo kila baada ya saa mbili nazibadilisha nafasi. Kwa sababu hiyo siiwashi usiku. Nasubiri siku ambayo nashinda nyumbani. Kama mfuko unaruhusu, chukua ile yenye umbo la kabati, ambayo feni yake iko nyuma, hewa inapita kwenye trei zote sawasawa. Mimi sikulijua hilo.

Matufaha nayakata unene wa milimita 5, nayachovya kwenye maji yenye limau ili yasiwe meusi, kisha yanakaa saa saba au nane. Umeme wake ni uniti 3.2 kwa saa nane, na hapo ni kama kipasha joto hakikupumzika hata dakika moja. Ndizi huchukua hadi saa kumi, na hazitoki zikivunjika mdomoni kama zile za pakiti. Zile nyingi hukaangwa kwenye mafuta. Hizi zinatafunika taratibu, utamu wake umekolea. Wanangu walizikataa wiki ya kwanza. Sasa zinaisha kabla ya nyingine zote.

Ninachokipenda kuliko vyote ni embe la kusaga. Nalisaga bila sukari, nalimwaga juu ya karatasi laini iliyokuja na mashine, na pembezoni naacha tabaka liwe nene kidogo kuliko katikati, kwa kuwa pembeni ndiko kunakokauka kwanza. Likiwa tayari linabanduka lote kama ngozi. Nalikata mikanda, nakunja, naweka kwenye mikoba ya shule.

Kijitabu cha maelekezo hakikusema neno kuhusu kuhifadhi, na hapo niliumia. Mara ya kwanza nilifungia matufaha kwenye chupa yakiwa bado na uvuguvugu, na siku ya nne yalikuwa na ukungu. Nikamwaga kazi ya siku nzima. Siku hizi nayaacha yapoe kabisa, najaza chupa ya kioo bila kushindilia, kisha kwa wiki nzima natikisa kila siku. Nikiona umande ndani ya kioo, yanarudi kwenye trei.

Jambo moja nawasihi wazazi wenzangu. Kilo moja ya matufaha ikikauka haifiki gramu 200, lakini sukari yake yote imebaki humohumo. Mtoto anayeshiba kwa tufaha moja anaweza kumaliza matatu makavu akicheza, tena yananata kwenye meno. Kwangu kipimo ni kiganja chake mwenyewe, anakula pamoja na chakula, na maji juu yake. Vitamini C nayo hupungua kwa joto na hewa, kwa hiyo matunda mabichi hayajaondoka mezani. Mwanangu mdogo kabisa, ambaye hajafikisha miaka miwili, simpi kabisa vipande hivi vigumu, naogopa vimkabe. Yeye nampondea ndizi iliyoiva, isiyokaushwa.

Nyama sijaikausha na sina mpango. Inatakiwa ipikwe kwanza hadi ndani ifike nyuzi 71, na mashine yangu haifiki hapo.

Kuosha si kazi: loweka trei nusu saa, utelezi wa embe unaachia wenyewe. Mlio wa feni unasikika hadi sebuleni, ila mazungumzo yanaendelea. Hii yangu ikiharibika leo, kesho naenda kutafuta nyingine, safari hii ya feni ya nyuma.