Bia za abasia (nyumba za watawa) za Ubelgiji: uanze na chupa ipi?

Kwenye rafu za bia Brussels, kila lebo ya pili ina mtawa au mnara wa kanisa. Picha zisikuhadae. Tafuta alama ya pembe sita ya Watrapisti, shirika la watawa wa Kikatoliki: bia yenye alama hiyo imepikwa abasiani kwenyewe, chini ya usimamizi wa watawa. Nyingine huazima tu jina la abasia na kupikwa kiwandani.

Namba moja kwangu ni Westmalle Tripel, kileo asilimia 9.5. Ina rangi ya dhahabu na povu jeupe linaloganda kwenye glasi. Inanukia ndizi mbivu, kisha inakuachia uchungu mkavu kooni. Ndizi hiyo hakuna aliyeitia, ni kazi ya hamira.

Ya pili ni Rochefort 10, asilimia 11.3. Nyeusi, nzito, ladha ya zabibu kavu na sukari guru. Chupa moja ndogo inatosha watu wawili. Mara ya kwanza niliinywa peke yangu kwa pupa ya bia ya kawaida, nikaamkia kwenye kochi na viatu miguuni.

Orval (6.2) naiweka ya tatu, ingawa wapo watakaonigombeza. Hutiwa hamira ya porini kabla ya kufungwa, kwa hiyo inaendelea kubadilika chupani: ikiwa changa ni chungu ya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), ikikaa inaanza kunukia zizi la farasi. Nunua mbili, moja uifiche miezi sita.

Na Westvleteren 12, bia nyingine ya Watrapisti? Huagizwa mapema kwenye abasia yenyewe, na walanguzi wanaiuza kwa bei ya kuumiza. Badala yake chukua St. Bernardus Abt 12, ya kiwanda cha kijiji cha Watou. Haina alama ya Watrapisti, lakini kiwanda hicho ndicho kilichopika bia za Westvleteren kwa leseni tangu 1946 hadi 1992.

Leffe Blonde inashika mkia: tamu mno, ila bei yake haisumbui na chipsi inazisindikiza vizuri.

Usizinywe za baridi kali. Barafu inaua harufu. Zitoe kwenye friji nusu saa kabla, mimina taratibu glasi ikiwa imeinama, na machicha ya hamira yabaki chini ya chupa. Mkionja wawili, kila mtu aandike alichonusa kabla mwenzake hajafungua mdomo. Akishasema «ndizi», nawe utainusa hata kama haipo.